Sheria za Hifadhi za Wanyama na Malisho ya Isiolo

Mtu atokaye mjini Isiolo akaishika barabara ya kaskazini iendayo Marsabit na Moyale, kabla hajalifikia daraja la Uaso Nyiro pale Archer's Post, hupita kati ya hifadhi mbili za wanyama. Mkono wake wa kushoto ipo Buffalo Springs, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 131. Mkono wa kulia ipo Shaba, yenye kilomita za mraba 239. Ng'ambo ya mto, katika nchi ya Wasamburu, ipo ya tatu. Kwa macho ni vigumu kuitenga nchi ya hifadhi na nchi ya malisho: miiba ni ile ile, udongo ni ule ule, na mto uwanyweshao tembo ndio uwanyweshao ngamia. Wakati wa mvua ni wachache waulizao mpaka uko wapi. Lakini kiangazi kinapozidi, na malisho ya mbali yakawa vumbi tupu, mpaka huo huwa jambo kubwa kuliko yote, kwa maana upande mmoja pana majani na maji, na upande wa pili pana ng'ombe wanaokufa.

Ndipo watu huuliza: mpaka huu uliwekwa na nani, kwa sheria gani, na mwenye mifugo anayo haki gani? Maswali haya hayajibiwi kwa neno moja, kwa sababu sheria zenyewe hazikutungwa siku moja wala kwa nia moja. Yafaa zielezwe kama zilivyofuatana.

Utaratibu wa wazee

Kabla haijaandikwa sheria yoyote, nchi ya Isiolo haikuwa nchi isiyo na amri. Waborana wa Waso waligawa malisho yao katika maeneo yaitwayo dedha, na kila eneo lilikuwa chini ya wazee wake, jarsa dedha. Wazee hao ndio waliosema ni wapi mifugo ilishwe wakati wa mvua, wapi wakati wa kiangazi, na wapi pasiguswe kabisa mpaka mwaka wa shida. Mtu aliyewapeleka ng'ombe wake katika malisho ya kiangazi hali mvua ingali ikinyesha alitozwa faini. Visimani alikuwako aba herega, msimamizi wa zamu, naye alijua kila kundi litakunywa siku gani na nyuma ya kundi la nani. Mgeni hakukatazwa maji, lakini ilimpasa aombe kwanza.

Wanyama wa porini hawakutajwa sana katika utaratibu huo. Hata hivyo walifaidika nao, kwa kuwa majani yaliyowekwa akiba kwa ajili ya ng'ombe yalikuwa majani ya choroa na punda milia pia. Jambo hili lapasa kukumbukwa, maana katika vitabu vingi habari za kuhifadhi wanyama katika Afrika huanza siku Mzungu wa kwanza alipotia sahihi karatasi.

Sheria za mwindaji

Karatasi yenyewe ilitiwa sahihi London mwezi wa Mei 1900. Wajumbe wa mataifa ya Ulaya yaliyokuwa yakitawala sehemu za Afrika walipatana juu ya kuhifadhi wanyama, ndege na samaki. Mapatano hayo hayakupata kuwa na nguvu, kwa kuwa si mataifa yote yaliyoyathibitisha, lakini sheria nyingi za makoloni zilifuata mfano wake. Ayasomaye leo atashangaa kidogo. Twiga na sokwe wamo katika orodha ya wanyama wasiouawa kabisa. Simba, chui na mbwa mwitu wamo katika orodha nyingine, ya wanyama ambao idadi yao yatakiwa ipunguzwe. Simba ambaye wageni husafiri maelfu ya maili ili wamtazame alihesabiwa wakati ule pamoja na mamba na nyoka.

Sheria za kwanza za Kenya, ambayo iliitwa wakati huo Himaya ya Afrika ya Mashariki, zilikuwa hasa sheria za uwindaji. Zilieleza ni nani awezaye kupewa leseni, ada yake ni kiasi gani, na ni wanyama wangapi wa kila namna ambao mwenye leseni aliruhusiwa kuwaua. Mwenye leseni kwa kawaida alikuwa Mzungu mwenye bunduki. Mwafrika aliyetega mtego au kupiga mshale ili apate nyama, kama walivyozoea Wawata walioishi kati ya Waborana, aliitwa jangili. Tofauti hiyo iliacha uchungu ambao haukwisha upesi.

Katika miaka hiyo hiyo Serikali ilitangaza akiba mbili kubwa za wanyama, moja kusini katika nchi ya Wamasai, na nyingine kaskazini, iliyoenea pande za Samburu na Marsabit. Lakini msomaji asidhani kuwa neno "akiba" lilikuwa na maana liliyo nayo sasa. Lilimaanisha tu kwamba ni marufuku kupiga bunduki humo. Wenyeji walikaa humo na mifugo yao, na amri iliyowabana zaidi haikuwa ya wanyama: ni ile ya mwaka 1926 iliyoifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa nchi iliyofungwa, ambamo mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kibali.

Mbuga na hifadhi

Wakati huo huo fikira nyingine ilikuwa ikikua ugenini: kwamba haitoshi kumzuia mwindaji, bali yafaa kutenga ardhi yenyewe. Marekani ilitenga Yellowstone mwaka 1872. Katika Afrika, Wabelgiji walianzisha Mbuga ya Albert katika Kongo ya mashariki mwaka 1925, ambayo leo yaitwa Virunga, na mwaka uliofuata Afrika ya Kusini ikaanzisha Kruger. Mwaka 1933 yakafanywa mapatano mapya huko London, na haya yaliyataka makoloni yaanzishe mbuga za taifa ambazo mipaka yake haibadilishwi ovyo kwa amri ya mtu mmoja. Vita vya pili vya dunia vilichelewesha mambo. Sheria ya Mbuga za Taifa ya Kenya ilipitishwa mwaka 1945. Mbuga ya Nairobi ikafunguliwa mwaka 1946, Tsavo mwaka 1948, Mlima Kenya mwaka 1949 na Aberdare mwaka 1950.

Hapa pana tofauti ambayo hata leo huwachanganya watu wengi. Katika mbuga ya taifa, ardhi huwa ya Serikali kuu. Haikaliwi na watu wala hailishwi mifugo. Lakini hifadhi ya taifa hutengwa katika ardhi ambayo wenyeji wana haki nayo, na haki hizo hazifutwi kwa kutangazwa tu kwa hifadhi, ila huwekewa masharti. Isiolo haikupewa mbuga ya namna ya kwanza. Mwaka 1948 nchi ya kando ya Uaso Nyiro, upande wa Isiolo na upande wa Samburu, ilitengwa iwe hifadhi, ikiwa sehemu ya eneo kubwa zaidi lililofika Marsabit. Kwa hiyo mtu wa Isiolo asemaye "nchi hii ilikuwa yetu" hasemi jambo lililo kinyume cha sheria. Sheria yenyewe yaanzia hapo.

Mwakilishi wa sheria hiyo machoni pa watu alikuwa Bwana Nyama. Aliyejulikana kuliko wote ni George Adamson, aliyeingia Idara ya Wanyama mwaka 1938 akakaa Isiolo, akizunguka wilaya nzima kwa gari na kwa ngamia, mara kuwakamata majangili, mara kumpiga risasi simba aliyezoea kula mifugo. Mwaka 1956 alimuua simba jike mwenye watoto, na mmoja wa watoto hao akalelewa nyumbani kwake na mkewe Joy, akaitwa Elsa. Kitabu cha Joy Adamson juu ya Elsa kilitolewa mwaka 1960 kikaenea dunia nzima, hata watu wa Ulaya wakaijua Isiolo kwa ajili ya simba mmoja kabla hawajasikia habari ya mfugaji wake hata mmoja. Joy mwenyewe aliuawa Shaba mwezi wa Januari 1980.

Miaka ya mwisho ya ukoloni ilileta badiliko jingine. Ilionekana kwamba mwenye mifugo hatamstahi mnyama asiyemletea faida. Mwaka 1961 Amboseli na Maasai Mara ziliwekwa chini ya mabaraza ya wilaya ya Wamasai, ili ada zilipwazo na watalii ziingie katika hazina ya baraza. Hifadhi za Samburu na Isiolo nazo ziliifuata njia hiyo hiyo ya kusimamiwa na mabaraza ya wenyeji. Baada ya Uhuru wa 1963, ardhi ya Isiolo iliwekwa amana mikononi mwa Baraza la Kaunti, maana yake baraza liwashikie wananchi kama mlezi amshikiavyo yatima mali yake. Lakini miaka hiyo ya kwanza, mpaka 1967, ilikuwa miaka ya vita vya shifta. Watu wengi wa Waso walikusanywa katika kambi, na mifugo mingi ikapotea. Shaba ilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1974, na Bisanadi mwaka 1979, watu walikuwa bado wakijaribu kurudisha walichokipoteza. Ni vigumu kusema kwamba jamii iliyo katika hali hiyo iliulizwa shauri lake kama ipasavyo kuulizwa.

Tembo na fidia

Mwaka 1975 Serikali ilitoa waraka wa siasa ya wanyama wa porini, nao ulikiri waziwazi kwamba wanyama wengi huishi nje ya mbuga, katika ardhi za watu, na kwamba wenye ardhi wastahili kupata faida. Sheria ya 1976 iliziunganisha Idara ya Wanyama na Mbuga za Taifa kuwa idara moja. Mwezi wa Mei 1977 uwindaji wote ulipigwa marufuku, na mwaka uliofuata biashara ya pembe na ngozi ikafungwa.

Marufuku hayo hayakumwokoa tembo. Inakisiwa kuwa Kenya ilikuwa na tembo wapatao 167,000 mwaka 1973. Kufika 1989 walibaki chini ya 20,000. Nchi za kaskazini ziliumizwa sana, kwa kuwa silaha zilikuwa nyingi na askari wachache. Tarehe 18 Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe katika mbuga ya Nairobi, na mwaka huo huo sheria ikarekebishwa ili kuunda shirika jipya la wanyamapori, lililoanza kazi mwaka 1990 likiwa na askari waliofunzwa vizuri zaidi. Ujangili ulipungua, na sifa hiyo yastahili kutolewa. Lakini marekebisho hayo hayo yalifuta fidia ya mazao na mifugo iharibiwayo na wanyama. Aliyeuawa na tembo, jamaa zake walilipwa shilingi 30,000, baadaye 200,000. Watu wakasema, na ni nani awezaye kuwalaumu, kwamba tembo ana thamani kuliko mtu.

Sheria itumikayo sasa ilipitishwa mwaka 2013, baada ya Katiba mpya ya 2010, ikaanza kutumika Januari 2014. Kwa habari ya adhabu ni kali mno: katika maandishi yake ya kwanza, mtu aliyehukumiwa kwa kosa la mnyama aliye hatarini kutoweka alipigwa faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha, au yote mawili. Kwa upande wa pili iliirudisha fidia na kuiongeza: shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na kiasi kisichozidi milioni 2 kwa jeraha jingine. Mifugo na mazao nayo hulipwa kwa thamani ya sokoni. Dai hupelekwa kwa kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia. Kasoro yake yajulikana na kila aliyewahi kudai: fedha hukawia, pengine kwa miaka, na mjane hawezi kula ahadi iliyoandikwa.

Kwa Isiolo, jambo lenye uzito zaidi katika sheria ya 2013 ni sentensi fupi iliyo katika maelezo ya maneno. Yasema kwamba hifadhi ya taifa ni eneo la ardhi ya jamii lililotangazwa kuwa hifadhi. Buffalo Springs, Shaba na Bisanadi, basi, ni ardhi ya jamii iliyo chini ya uangalizi wa Serikali ya Kaunti, iliyochukua mahali pa lile baraza la zamani. Si mali ya kaunti, wala si mali ya watalii.

Nani atie sahihi?

Katika miaka ishirini iliyopita imetokea namna nyingine ya hifadhi, ile iitwayo hifadhi ya jamii, ambayo wananchi wenyewe hutenga malisho yao, huajiri askari, na hugawana mapato ya utalii. Shirika la Northern Rangelands Trust, lililoanzishwa mwaka 2004, limesaidia kuunda nyingi za hifadhi hizo kaskazini, na kadha wa kadha zimo Isiolo. Wanaozitetea huonyesha vijana walioajiriwa, karo za shule zilizolipwa, na punda milia wa Grevy wanaolindwa. Mnyama huyo amebakia hasa katika kaskazini ya Kenya, na wote pamoja ni kama 3,000 tu duniani. Wanaozipinga husema kwamba wazee wa dedha walivuliwa kazi yao ikapewa ofisi, na kwamba wengi walisikia habari ya hifadhi baada ya bango kusimamishwa.

Mwaka 2021 wakazi 165 wa pande za Merti walilipeleka jambo hilo katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Januari 2025 mahakama iliyoketi Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili, Biliqo-Bulesa na Cherab, hazikuanzishwa kwa kufuata Katiba na sheria. Uamuzi huo haukusema kwamba kuhifadhi wanyama ni vibaya. Ulihusu njia iliyotumika: ardhi ya watu wote haitengwi kwa sahihi za watu wachache.

Na njia ipasayo imeandikwa katika Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Jamii hujiandikisha, huorodhesha watu wake, na hukutana katika mkutano mkuu wa watu wazima wote, wanawake na vijana wakiwamo. Mkutano huchagua kamati ya watu wasiopungua 7 wala kuzidi 15. Mapatano na mwekezaji juu ya ardhi hayana nguvu ila yakubaliwe na theluthi mbili ya watu wazima, katika mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo. Jamii ambayo haijajiandikisha, ardhi yake hushikwa na Serikali ya Kaunti kwa amana, na kaunti hairuhusiwi kuiuza wala kuitoa. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa maneno hayo ni kweli kwa herufi: maadamu daftari halijafunguliwa, ni vigumu hata kwa mtu mwenye nia njema kujua ni nani wa kumwomba ruhusa.

Lakini daftari nalo lina shida yake katika nchi ya wafugaji. Malisho ya dedha moja huweza kupita katika ardhi ya jamii kadhaa zilizoandikishwa mbalimbali, na mvua haifuati ramani. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ziliposhindikana misimu mitano mfululizo, makundi yalihama mbali sana, na punda milia walikufa kando ya ng'ombe. Mto nao hauanzii Isiolo. Maji ya Uaso Nyiro hutoka Mlima Kenya na Aberdare, ambako mbuga za taifa huyalinda, hupita Laikipia katikati ya mashamba yenye mabomba na mifereji, ndipo yafike Buffalo Springs na kuendelea mpaka kinamasi cha Lorian. Mlima unalindwa na sheria moja, hifadhi na sheria nyingine, na maji yachotwayo kati yake na sheria ya tatu iliyo katika wizara nyingine.

Sheria ya 2016 imeacha mlango kwa ajili ya shida ya kwanza. Yataka desturi za wafugaji zizingatiwe, na jamii iliyoandikishwa yaweza kumpa mtu asiye wa jamii hiyo ruhusa ya kulisha, kwa masharti ya idadi ya mifugo na sehemu ya malisho. Hivyo ndivyo hasa walivyofanya wazee wa dedha kwa mgeni aliyekuja kuomba. Kamati itakayochaguliwa yaweza kuwaachia kazi hiyo jarsa dedha na kuandika walichokata, au yaweza kuwaweka kando. Sheria imelikabidhi jambo hilo kwa mkutano wenyewe wa jamii.